Sura ya Kujitungia: Samuel Fosso na Mchezo wa Kamera

Wahenga walituusia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Usemi huu tumeurithi pamoja na ngoma zenyewe: mchezaji akiingia uwanjani, jamaa humfuata kwa vigelegele, wakampepea kwa leso, wakambandika noti katika paji la uso, naye akazidi kunogewa kwa kujua kwamba macho yanayomtazama ni macho yampendayo. Lakini usemi huo haukutupa habari ya yule ambaye kwao hakutunzwa. Ambaye tangu kuzaliwa kwake alitazamwa kwa huruma iliyochanganyika na haya, na pesa ya kumtunza ikaonekana kuwa ni pesa ya kutupwa baharini. Huyo acheze wapi, na nani amtunze?

Makala haya yanakusudia kumsimulia mtu mmoja wa namna hiyo, ambaye jibu lake lilikuwa ni kwenda kucheza ugenini: peke yake, baada ya kazi, mlango ukiwa umefungwa, mbele ya kamera. Jina lake ni Samuel Fosso. Leo picha zake zimetundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 alitunukiwa mjini London Tuzo ya Picha ya Wakfu wa Deutsche Börse, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa hiyo duniani. Hata hivyo habari yake haikuanza kwa tuzo wala kwa sifa. Ilianza kwa picha ambayo haikupigwa.

Fosso alizaliwa mwaka 1962 katika mji wa Kumba, magharibi mwa Kameruni, si mbali na mpaka wa Nigeria. Wazazi wake walikuwa Waigbo. Mtoto alizaliwa na maradhi ya kupooza, na viungo vyake havikumtii kama vilivyowatii watoto wa rika lake. Yeye mwenyewe amesimulia, alipokuwa mtu mzima, kwamba ilikuwa desturi mtoto akitimiza miezi mitatu apelekwe kwa mpiga picha ili ukoo uwe na kumbukumbu yake. Zamu yake ilipofika baba hakuona sababu ya kulipia. Picha ya mtoto kiwete ingekuwa ya kumwonyesha nani?

Msomaji wa visiwani hatahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Katika sebule zetu nyingi, juu ya kochi au kando ya kabati la vyombo, ukuta una safu yake ya picha: babu aliyevaa kanzu na kofia ya kiua, mkono mmoja juu ya kiti cha studio, bibi na dada yake waliovaa kanga za doti moja, mtoto wa miezi michache aliyekalishwa juu ya mto, macho yameduwaa. Picha hizo ni shahada ya ukoo. Mgeni akiingia huonyeshwa: huyu fulani, huyu fulani, huyu aliyefia safarini. Asiyekuwamo katika safu hiyo si kwamba hakuzaliwa, bali ni kama hakushuhudiwa. Fosso aliianza dunia akiwa nje ya ukuta.

Mama yake hakukata tamaa. Alimpeleka Nigeria kwa babu yake, aliyekuwa mganga wa jadi na mtu wa heshima kijijini, na ni katika mikono ya mzee huyo mtoto alipopata kuinuka na kutembea. Lakini alipoanza kuizoea miguu yake, ardhi ikatikisika. Mnamo Julai 1967 vilizuka vita vya Biafra, vilivyodumu hadi Januari 1970 na kuangamiza watu zaidi ya milioni moja kwa makadirio ya wengi, walio wengi wao kwa njaa. Mama alifariki katika miaka hiyo. Mtoto na jamaa zake walijificha msituni. Vita vilipokwisha alikuwa yatima wa mama, mwenye mwili uliopona na nafsi iliyojaa hofu.

Mwaka 1972 mjomba wake alimchukua akaenda kuishi naye Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kando ya mto Ubangi. Mtoto wa miaka 10 aliingia katika mji ambao watu wake walisema Kisango na Kifaransa, wala hapakuwa na mtu nje ya nyumba aliyejua alikotoka, maradhi aliyozaliwa nayo, wala pesa ambayo baba hakuitoa. Ugeni huumiza, na washairi wetu wameulilia kwa beti zisizohesabika. Lakini ugeni una fadhila moja isiyosemwa mara kwa mara: humfutia mtu daftari. Kule alikozaliwa alikuwa ni yule kijana mgonjwa. Hapa alikuwa mgeni tu, na mgeni huweza kuwa yeyote.

Mjomba alikuwa mtengenezaji viatu vya wanawake, na kijana akawekwa kumsaidia. Kazi ya kushona ngozi haikumkaa moyoni. Jirani palikuwa na mpiga picha, naye akamwomba mjomba amruhusu akajifunze kule. Akajifunza kwa miezi mitano: kupima mwanga, kumsimamisha mteja, kusafisha picha katika chumba cha giza. Septemba 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe, akaiita Studio Photo Nationale. Tangazo lake liliwaahidi wateja kwamba wakipigwa picha pale watatoka wazuri, maridadi, na wepesi kutambulika. Maneno hayo ya mwisho yanafaa kutiwa akilini. Kijana ambaye hakuwa na picha ya utoto wake aliifanya kazi ya kuwafanya watu watambulike kuwa ndiyo riziki yake.

Mchana alipiga picha za pasipoti, za maarusi, za watoto waliobatizwa, za marafiki walioshikana mabega. Jioni, wateja wakiwa wamekwenda, mara nyingi mkanda ulikuwa haujaisha. Wateja walitaka picha zao kesho yake, nao mkanda hauwezi kusafishwa nusu. Ilibidi amalize zile nafasi chache zilizobaki au azitupe. Ndipo alipofunga mlango, akawasha taa, akatengeneza pazia la nyuma, akaitegesha kamera, akaenda kusimama mahali wanaposimama wateja. Baadhi ya picha hizo alizituma Nigeria kwa bibi yake, ambaye hangeweza kuja kumwona, ili ajue kwamba mjukuu yu hai, anakula, amekua. Nyingine aliziweka mwenyewe.

Zitazame picha hizo. Katika moja amevaa chupi nyeupe na glavu nyeupe mikononi, kama mtu aliyesahau kuvaa kilichobaki. Katika nyingine yumo ndani ya bugaluu na viatu vya raizoni, miwani mikubwa imemfunika nusu ya uso, mkono kiunoni. Alikuwa akimwiga Prince Nico Mbarga, mwanamuziki aliyetamba Afrika nzima tangu mwaka 1976 kwa wimbo wake wa Sweet Mother, naye ni mwenye asili ya Nigeria na Kameruni kama yeye. Kijana aliwapelekea mafundi picha za mwanamuziki huyo zilizochapwa katika majalada ya santuri, akawaomba wamshonee nguo za namna ile ile. Wakati mwingine ni baharia, wakati mwingine ni bwana mkubwa aliyekaa kwa madaha. Kila jioni mtu mwingine, na kila mtu ni yeye.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ubatili. Katika adabu zetu kujiona ni kasoro ya tabia, na mtu anayejitukuza mbele ya wenzake hukumbushwa kwamba mavuno hayamo katika majivuno. Hoja hiyo ina haki yake, lakini yafaa tupambanue baina ya kujiona na kujitazama. Mwenye kujiona amekwisha kuamua yeye ni nani, na hataki aulizwe. Mwenye kujitazama hajui bado. Anauliza, anajaribu, anavaa na kuvua. Kijana wa Bangui hakuwa na mtazamaji, hakuwa na mshangiliaji, wala hakuwa na nia ya kumwonyesha mtu mji mzima jinsi alivyo bora. Alikuwa na nafasi tatu au nne za mkanda uliobaki, na swali.

Wapenzi wa ushairi wana neno la kuwasaidia hapa. Wahakiki wa Kiswahili hutumia neno nafsineni kwa ile sauti isemayo katika shairi, ambayo si lazima iwe sauti ya mtunzi. Mtunzi mwanamume huweza kusema kwa kinywa cha mke aliyeachwa. Kijana huweza kusema kama kikongwe. Na hakuna msikilizaji anayemshitaki kwa uongo. Kadhalika majigambo: mtunzi hujisifu kuwa simba, kuwa bahari, kuwa mwamba, na sote twajua kwamba akishuka jukwaani atakwenda kununua muhogo kama sisi. Na katika tenzi zetu za kale ilikuwa ada mtunzi, baada ya kumaliza kisa cha mitume au cha mashujaa, ajitaje katika beti za mwisho: jina lake, nasaba yake, mji wake, na dua aombewe. Alijichora katika pembe ya kazi yake asipotee. Fosso alifanya kwa mwanga yale ambayo watunzi wetu waliyafanya kwa vina: aliazima nafsi nyingi, na katika pembe ya mkanda wa kazi za watu akajitaja.

Lugha yetu nayo inalijua jambo hili. Neno sura tumelipokea kutoka Kiarabu kwa njia mbili: moja ni umbo, uso, au picha, nyingine ni mlango wa kitabu, hususan Kitabu kitukufu. Katika Kiarabu ni maneno mawili yenye herufi tofauti. Katika kinywa cha Mswahili yamekuwa neno moja. Kwa hiyo tunaposema mtu amebadilisha sura, twaweza kuwa tunasema pia kwamba amefungua mlango mwingine wa kitabu chake.

Ili tupime vizuri thamani ya mchezo ule, hatuna budi kutoka nje ya studio na kuutazama mji. Aliyekuwa akiitawala nchi tangu mapinduzi ya usiku wa kuamkia Januari 1, 1966 alikuwa Jean-Bédel Bokassa, naye pia alipenda mavazi. Tarehe 4 Desemba 1977, mjini Bangui, alijitawaza kuwa mfalme wa wafalme, akiiga kutawazwa kwa Napoleon: joho refu la kuburuzwa, taji la almasi, kiti cha enzi chenye umbo la tai, gari la kukokotwa na farasi. Gharama zilikadiriwa kufikia dola milioni 20, katika nchi iliyo miongoni mwa maskini kabisa duniani. Siku hiyo, katika mji mmoja, walikuwapo wawili waliokuwa na desturi ya kujigeuza kwa mavazi. Mmoja alikuwa na miaka 15 na pazia la kitambaa. Mwingine alikuwa na jeshi.

Tofauti yao haikuwa ya ukubwa wa sherehe tu. Mchezo wa kijana haukumlazimisha mtu yeyote kuuamini. Mchezo wa mfalme uliilazimisha nchi nzima icheze naye. Mapema mwaka 1979 ilitolewa amri kwamba wanafunzi wavae sare maalumu za bei kubwa ambazo wazazi wengi hawakuzimudu. Wanafunzi wakaandamana, wakapigwa risasi. Mwezi wa Aprili wengine wakakamatwa na kutiwa katika gereza la Ngaragba, na shirika la Amnesty International likatangaza kwamba watoto kati ya 50 na 100 waliuawa. Tume ya mawakili na majaji wa Kiafrika iliyochunguza mauaji hayo ilimtia hatiani mfalme mwenyewe, na Septemba ya mwaka huo majeshi ya Ufaransa yakamwondoa. Waliokufa walikuwa wa rika la Fosso. Walikufa kwa sababu ya nguo. Kwa sababu mtu mmoja alitaka awavishe wote sura aliyoichagua yeye.

Nasi wa huku tusijitie upofu. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza ile iliyoitwa Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969, na wasichana wa Dar es Salaam wakashikwa na kuaibishwa mabarabarani. Zanzibar nako, katika miaka ya 1970, bugaluu ilikuwa kosa. Waliotunga amri hizo waliamini kwamba wanalinda utamaduni, na pengine wengine wao waliamini kweli. Lakini bugaluu ile ile iliyomfanya kijana wa Bangui ajione mtu, ilimfanya kijana wa Unguja aonekane mhalifu. Hapo ndipo studio ilipokuwa na kazi yake ya siri. Nyuma ya pazia la mpiga picha, kwa dakika tano, mtu aliweza kuwa vile ambavyo barabara haikumruhusu awe.

Pwani yetu, kwa hakika, ina ilimu ndefu ya mchezo huo. Wapiga picha wenye asili ya Goa, akina A. C. Gomes na akina Coutinho, walikuwa na studio zao Unguja tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Mji Mkongwe mwaka 1930. Kule Lamu, Omar Said Bakor, fundi aliyejifunza mwenyewe, aliifanya studio yake kuwa karakana ya maajabu: alikata picha na kuzibandika juu ya nyingine, akazipiga upya, mpaka watu wa mji huo mdogo usio na magari wakajikuta katika mandhari ambayo miguu yao haikuwahi kuyakanyaga. Na kule Mombasa, katika miaka ya 1990, kando ya kivuko cha Likoni palikuwa na vibanda vya picha vilivyopambwa kwa mapazia ya rangi: meli kubwa, ndege, majumba marefu ya miji ya mbali. Mtu aliyekuwa akivuka maji kwa dakika chache kwenda kutafuta kibarua alisimama pale, akapigwa picha kama abiria wa safari ya kuzunguka dunia.

Tukizicheka picha hizo tutakuwa tumekosea kuzisoma. Aliyepigwa picha mbele ya ndege ya rangi hakudhani kwamba amepanda ndege, wala aliyetumiwa picha hiyo kijijini hakudanganyika. Wote wawili walielewa ni mfano wa maneno. Picha ilisema: sijashindwa, bado natazamia. Ni salamu ile ile ambayo Fosso alimpelekea bibi yake. Wapiga picha wengi wa Likoni walikuwa watu wa bara, wageni wa mji, kama Fosso alivyokuwa mgeni wa Bangui. Agosti 1997, Likoni ilipokumbwa na ghasia zilizowalenga watu wa bara, wageni hao walikuwa miongoni mwa waliotishwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini si kila mwenyeji anayetaka kupona.

Picha za usiku za Fosso zilikaa takriban miaka 20 bila kujulikana. Mwaka 1993 mpiga picha wa Kifaransa, Bernard Descamps, alifika Bangui akitafuta kazi za wapiga picha wa Kiafrika kwa ajili ya maonyesho mapya yaliyokuwa yakiandaliwa Mali. Akaelekezwa kwenye studio ya Fosso. Desemba 1994 picha hizo zikaonyeshwa Bamako katika maonyesho ya kwanza ya picha za Afrika, na kijana aliyejipiga picha kwa masalio ya mkanda akajikuta amesimama katika mji wa ugenini mwingine, akitazamwa na umma. Tangu hapo safari zikafuatana, na kila safari ilimzalia sura.

Mwaka 1997 duka la Tati la Paris, lililokuwa mashuhuri kwa bei nafuu na kwa wateja wake wahamiaji, lilikuwa likikaribia kutimiza miaka 50 tangu lianzishwe. Likawaalika wapiga picha wa Kiafrika, miongoni mwao mabingwa wawili wa Mali, Seydou Keïta na Malick Sidibé, pamoja na Fosso. Yeye akajigeuza watu chungu nzima: mharamia, mcheza gofu, mwokoaji wa pwani, bibi wa kitajiri, mwanamke wa Marekani aliyejikomboa katika miaka ya 1970. Mashuhuri kuliko zote ni ile aliyojifanya chifu aliyeiuza Afrika kwa wakoloni: amekaa juu ya kiti, amevaa ngozi ya chui, shanga na dhahabu zimemjaa kifuani, miwani mieupe machoni, na mkononi ameshika alizeti kama fimbo ya enzi. Mtu hucheka kwanza. Kisha humkumbuka Bokassa, na wengine wengi walio karibu zaidi, na kicheko hukwama kooni. Mchezo uliokuwa dawa ya mtu mmoja umekwisha kuwa mashitaka.

Wala si michezo yote iliyokuwa ya furaha. Mwaka huo huo wa 1997, katika machafuko ya Bangui, jirani na rafiki yake, kijana wa Senegal, aliuawa usiku na watu wenye silaha. Fosso aliwasikia, asiweze kutoka kumsaidia. Mwaka 2000 alitengeneza mfululizo wa picha za kumbukumbu ya rafiki huyo: yumo chumbani, mwili wazi, hana vazi la kujifichia, hofu ya usiku ule imemrudia. Mwaka 2003 akamgeukia babu yake. Akajivika mavazi ya uganga, akayacheza yale matambiko yaliyomponya, kana kwamba anatimiza wosia wa mzee aliyetamani mjukuu amrithi. Na mwaka 2008 akajitia katika sura za watu waliomtangulia kudai heshima ya Mwafrika: Lumumba, Nkrumah, Malcolm X, Angela Davis, Muhammad Ali, na Tommie Smith aliyeinua ngumi huko Mexico mwaka 1968. Mtoto aliyeachwa nje ya ukuta wa picha za ukoo wake alijijengea ukuta mwingine, na ukoo mpana zaidi.

Hapo panatosha kutuonyesha nini maana ya kurejesha imani ya nafsi. Aghalabu twadhani imani hurudi kwa nasaha: mtu aambiwe kwamba yeye ni bora, arudie maneno hayo mpaka ayaamini. Maisha ya Fosso yanatuambia vingine. Imani yake haikurudi kwa kuamini jambo moja juu ya nafsi yake, bali kwa kujua kwamba nafsi haikufungwa katika jambo moja. Aliyeambiwa tangu utotoni kwamba yeye ni kilema tu, hatibiwi kwa kuambiwa kwamba yeye ni shujaa tu. Hutibiwa kwa kuonja kuwa baharia leo, mwanamuziki kesho, chifu mwovu keshokutwa, na baada ya yote akavua, akanawa uso, akajikuta yupo bado, mzima. Ugenini kulimpa nafasi ya kuanza, na mchezo ukampa njia.

Lakini sura za karatasi ni dhaifu. Februari 2014, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto Bangui, na Fosso akiwa Paris, nyumba yake ilivunjwa na kuporwa. Waporaji walichukua vyenye kuuzika. Picha na negativu wakazitupa nje. Waandishi wa habari za picha wawili waliokuwa wakipita, Jerome Delay na Marcus Bleasdale, pamoja na Peter Bouckaert aliyekuwa mtafiti wa haki za binadamu, waliziona zimetapakaa njiani, wakazitambua, wakainama kuziokota moja moja katika vumbi. Zikasalimika nyingi kati yake, za jioni zile za ujana na za wateja wa studio. Studio yenyewe haikurudi. Miaka miwili baadaye, Fosso alimaliza kazi aliyoiita SIXSIXSIX: picha 666 za papo kwa papo za uso wake na kifua chake, bila vazi wala pazia la kuchekesha, kila moja na huzuni yake au utulivu wake. Aliyenyimwa picha moja alijipa mia sita na sitini na sita.

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya watu wa Bangui, lakini zaidi kwa ajili yetu. Studio nyingi za pwani zimefunga milango tangu simu zilipokuwa kamera, na wenye studio wanazeeka na kufa. Katika visanduku vya bati na mifuko ya plastiki, katika ghala zenye unyevu wa bahari, zimo negativu za bibi zetu walipokuwa wasichana, wakiwa wamevaa miwani ya kuazima na kushika simu isiyo na waya, wakicheka kwa namna ambayo hawakucheka mbele ya watoto wao. Hizo nazo ni nafsineni, na hizo nazo ni tenzi zenye majina pembeni. Hakuna mwandishi wa habari atakayepita njiani siku zitakapotupwa. Mwenye sanduku la namna hiyo nyumbani kwake na alifungue leo, akae na mkubwa mmoja wa ukoo aliye hai, na nyuma ya kila picha aandike kwa penseli: huyu nani, mwaka gani, na siku hiyo alikuwa akicheza kuwa nani.